Mume Ni Afande na Anakupiga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kabla hujaendelea. Kama simu unayosomea hapa alikununulia yeye, au anaijua paswedi, au huwa anaishika usiku ukilala, iache. Tafuta simu ya mtu unayemwamini usomee huko. Maswali haya hayaishi haraka, yatakusubiri.

Mimi niliishi na askari miaka tisa, alafu tangu nitoke nimekaa na wanawake wengi waliopita njia hiyohiyo, na maswali yao yanafanana mno. Hapa nimeandika "yeye" nikimaanisha mume kwasababu wengi wanaoniuliza ni wake, ila kuna wanaume pia, nimewajibu huko chini.

Mume anayepiga si ni mume anayepiga tu, uaskari unaingiaje?

Kipigo ni kilekile lakini mlango wa kutokea sio uleule. Mwanamke mwingine akipigwa anaambiwa nenda polisi, wewe polisi ndo amelala chumbani kwako. Anajua sheria kuliko wewe, anajua maelezo yanaandikwaje mpaka kesi iende na yanaandikwaje mpaka kesi ife, amefundishwa kumdhibiti mtu bila kumwachia alama, amefundishwa kuhoji mpaka mtu ajichanganye mwenyewe, ana silaha, ana wenzake ambao maisha yao yako mikononi mwake na yake yako mikononi mwao. Anajua pia nyumba salama, zile wanakojificha wanaokimbia kipigo, ziko wapi maana kazini kwao ndo huwa wanapeleka watu huko. Kila kitu ambacho serikali imempa amlinde raia anaweza kukigeuza akamfungie mkewe ndani. Ndo maana ushauri wa kawaida, ule wa "piga simu polisi ufungue kesi", ukimpa mke wa askari bila kufikiri unaweza kumuua kabisa.

Hajawahi kunipiga. Ila akiwa na hasira anaweka bastola mezani anaisafisha huku ananiangalia. Huo ni ukatili?

Ndio. Na usimruhusu mtu akwambie mpaka utoke damu. Bastola mezani inaongea, na yeye anajua kwamba inaongea, ndo maana hakuiweka kabatini. Vivyo hivyo kukufunga pingu "kwa utani", kukuhoji kila ukirudi kama mtuhumiwa, ulikuwa wapi, na nani, saa ngapi, rudia tena toka mwanzo, kupita na gari la kazi mara tatu nje ya ofisi yako, kumwingiza ndugu yako kwenye kompyuta ya kazini kumtafutia makosa. Kuna nchi zimeshaandika hili kwenye sheria, Uingereza kwa mfano tangu 2015 ni jinai kumtawala na kumbana mwenza wako hata kama hujamgusa.

Kitu kimoja ambacho nakiomba ukichukulie kwa uzito: kama amewahi kukukaba koo, hata mara moja, hata kwa sekunde chache, hata kama hukubaki na alama. Watafiti wa Marekani waliofuatilia mauaji ya wanawake walikuta mwanamke ambaye mwenza wake aliwahi kumkaba hatari yake ya kuja kuuawa inapanda zaidi ya mara 7. Na mwenza katili akiwa na bunduki karibu hatari inapanda zaidi ya mara 5, na askari bunduki iko karibu siku zote. Kukabwa kunaweza pia kuumiza mishipa ya shingo ndani kwa ndani ukaja kuzidiwa siku kadhaa baadae, kwahiyo nenda hospitali na useme wazi "nilikabwa", usiseme nimeteleza.

Anasema niende popote hakuna atakayeniamini, nitaonekana chizi. Ni kweli?

Wote wanasema hivyo, maneno ni yaleyale utadhani wamefundishwa chuo kimoja. David Carrick alikuwa askari wa London, tena wa kikosi chenye silaha, na hayo ndo aliyokuwa akiwaambia wanawake, kwamba yeye ni polisi nani atawaamini wao. Malalamiko dhidi yake yalifika polisi zaidi ya mara moja na akaendelea kuvaa sare. Lakini mwaka 2021 mwanamke mmoja alisema, akashitakiwa, wengine waliposikia wakajitokeza, na Februari 2023 alihukumiwa kifungo cha maisha, angalau miaka 30 ndani kabla ya kufikiriwa kutoka, kwa makosa aliyowafanyia wanawake 12 kwa miaka 17. Sisemi ilikuwa rahisi kwao. Nasema lile neno "hakuna atakayekuamini" ni silaha yake nyingine, sio taarifa.

Alafu hilo la uchizi. Mtu anayelala macho wazi kila siku anakuwa na haraka kuongea, analia, anachanganya tarehe. Yeye atakuja ametulia, amenyoosha gwanda, anaongea taratibu "mke wangu ana msongo siku hizi, mnisaidie". Mimi nilishuhudia hiyo sinema kituoni nikiwa nimevimba jicho na mwisho wa siku wakamwonea huruma yeye. Ndo maana naandika kuhusu ushahidi hapa chini.

Akinipiga usiku huu, nipige namba ya dharura au nisipige?

Kama unaona anaweza kukuua, piga, piga kelele, toka nje, fanya chochote kitakacholeta watu. Maisha kwanza mengine baadae. Ukipiga sema vitu vitatu haraka: yeye ni askari, ana silaha, naomba aje mkubwa kutoka kituo kingine. Uliyempigia huenda anamjua, sema hivyohivyo, maana simu za dharura sehemu nyingi zinarekodiwa na yakisharekodiwa hayafutiki kirahisi.

Kama hali haijafika hapo basi kaa ufikirie kabla, kwasababu simu moja iliyoishia na wenzake kuja, kucheka nae mlangoni na kuondoka, inakuacha na mtu mwenye hasira mara mbili na aliyethibitisha kwamba hana wa kumgusa. Panga na jirani alama, taa ya nje ikizimwa, au neno fulani kwenye meseji, ajue aje na watu. Watu wengi mlangoni ni ulinzi, askari anaogopa mashahidi kuliko anavyoogopa sheria.

Sasa niripoti wapi kama sio kituoni kwake?

Kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Usianzie kituoni kwake na usianzie kwa rafiki yake "mwenye roho nzuri", hata kama ana roho nzuri kweli, maana hujui anakunywa na nani jioni.

Anza na mtu asiye polisi kabisa. Shirika la kutetea wanawake, wakili, daktari, ustawi wa jamii. Uende na mtu huyo popote utakapoenda baada ya hapo, mlalamikaji mwenye wakili pembeni hatendewi kama mlalamikaji aliyekuja peke yake na mtoto mgongoni. Kutoka hapo njia ni kama tatu na hazifanani kazi, hapa watu wengi wanachanganya.

Mahakama inaweza kukupa amri ya ulinzi, yaani asikusogelee, asikupigie, aondoke nyumbani. Sehemu nyingi amri hii unaiomba mahakamani moja kwa moja bila kupita polisi, na kwa mke wa askari hiyo ni nafuu kubwa. Jinai ni kitu kingine, huko lazima kuwe na upelelezi, ombeni kwa maandishi upelelezi ufanywe na watu wa eneo lingine wasiofanya nae kazi. Na kuna nidhamu, yaani malalamiko kwa jeshi la polisi lenyewe, kile kitengo chao kinachochunguza askari wao, au bora zaidi chombo huru cha kusimamia polisi kama nchi yenu inacho. Nidhamu inaweza kumnyang'anya silaha haraka kuliko mahakama, lakini kumbuka malalamiko yakishafika huko na yeye atajua, pengine siku hiyohiyo. Usiyapeleke ukiwa bado unalala nyumba moja nae. Hili nalirudia, usiyapeleke ukiwa bado unalala nae nyumba moja.

Mkuu wake ametuita ofisini, anataka tuyamalize kifamilia.

Mkuu wake anataka faili lisifunguliwe. Anaweza kuwa mtu mzuri tu, anaweza hata kukuita mwanangu na kukupa maji ya kunywa, lakini ofisi ile inalinda jina la ofisi. Usisaini kitu. Sema "nitarudi na wakili wangu" hata kama wakili bado huna.

Na kama ulishasaini, kama uliwahi kufuta kesi, kama ulimwambia daktari umeanguka bafuni, usijione umeharibu kila kitu. Wanaojua kesi hizi wanajua kwanini watu wanafuta.

Ushahidi nikusanye vipi wakati yeye ndo mtaalamu wa kutafuta vitu?

Swali zuri sana hili na sitalijibu harakaharaka. Kwanza usifiche kitu chochote ndani ya nyumba ile wala kwenye gari wala kwenye simu ile. Yeye kazi yake ni upekuzi. Chini ya godoro, ndani ya unga, kwenye begi la shule la mtoto, hizo zote anazijua.

Ushahidi ukae nje. Daktari aandike, hilo ndo la kwanza, cheti cha hospitali hakipo mikononi mwake, mwambie daktari jina la aliyekupiga na kazi yake, aandike hata kama huendi polisi leo. Picha zipigwe na simu ya mtu mwingine, moja ya karibu na moja inayoonyesha uso wako, zikae kwa huyo mtu. Mwambie mtu mmoja au wawili kila tukio likitokea, siku ileile, kwa mdomo tu kama huwezi kuandika, siku ya kesi wanakuwa mashahidi kwamba ulilisema mapema na hukulitunga juzi. Meseji zake za vitisho piga skrini shoti uzitume kwenye imeili mpya uliyofungua kwenye kompyuta isiyo ya kwenu, na uzifute ulipozitumia. Kama kuna jirani aliyesikia, muulize taratibu kama atakubali, wengi wanaogopa na wana haki ya kuogopa, usigombane nae.

Namba ya silaha, cheo chake, namba yake ya utumishi, kituo, zamu zake, hizi ziandikwe sehemu. Wakili atazihitaji na wewe siku hiyo kichwa kitakuwa kimeganda.

Nikiondoka atanipata?

Atakutafuta, na ana njia ambazo waume wengine hawana. Kwahiyo kuondoka kwako kusiwe kwa hasira ya usiku mmoja isipokuwa kama roho yako iko hatarini. Wakati mwanamke anapoondoka na miezi ya mwanzo baada ya hapo ndo wakati wa hatari kubwa kuliko wote, hii haina mjadala.

Simu yako iache, usiizime njiani ukaiwasha ulikofika, iache kabisa au ikae kwa mtu upande mwingine. Lokesheni ya akaunti, saa ya mkononi, tablet ya watoto, gari lenye GPS, kile kidude cha kutafutia funguo ambacho kinaingia hata kwenye pindo la mkoba, yote yanaongea. Kadi ya benki ikitumika inaonyesha umetumia wapi. Gari likiwa na namba yake mwenzake mmoja barabarani anatosha. Shule mpya ya watoto iambiwe isitoe taarifa kwa mtu yeyote hata akija na sare, hasa akija na sare. Ukifika nyumba salama mwambie msimamizi mapema kwamba mume wako ni polisi, usione aibu, kuna nyumba anazozifahamu na itabidi wakupeleke nyingine, pengine mkoa mwingine.

Na ukiona amechungulia taarifa zako kwenye mfumo wa polisi, umejuaje, labda amekutajia kitu ambacho kiko huko tu, mwambie wakili. Mifumo mingi inaweka kumbukumbu ya nani aliingia na saa ngapi na alitafuta jina gani. Kuchungulia bila sababu ya kazi ni kosa na ni kosa linalothibitika kwa karatasi, kuna askari wameponzwa na hilo kabla hata la kipigo halijafika mahakamani.

Akifukuzwa kazi watoto watakula nini?

Usijilaumu kwa kufikiria hivi, mimi ndo kilichonibakisha miaka minne ya mwisho. Nyumba ni ya kota, bima ni ya kazi yake, mshahara ni mmoja. Na yeye anajua, ndo maana anasema "ukiniharibia kazi sina cha kupoteza tena", na hicho ni kitisho cha kuua hata kama kimevaa maneno ya huzuni, kiandike.

Muulize wakili kuhusu matunzo ya watoto kabla hujapeleka malalamiko ya nidhamu, ili ujue mahakama inaweza kukata nini kwenye mshahara au mafao. Wakati mwingine mpangilio wa hatua ndo unaokoa. Na akifukuzwa hakufukuzishwa na wewe.

Sio msongo wa kazi jamani? Wanaona maiti, wanapigwa mawe.

Kazi ni ngumu, hilo siligombi, na wanaoumia akilini watibiwe na wasichekwe. Lakini angalia kitu kimoja. Kazini ana bosi anayemtukana, hampigi bosi. Ana raia wanaomrekodi na simu, anajizuia. Akifika nyumbani kujizuia kunaisha hapohapo mlangoni? Msongo unaeleza kwanini amechoka, hauelezi kwanini amekuchagua wewe.

Ile asilimia 40 ya polisi wanaopiga wake zao ni kweli?

Itumie kwa uangalifu. Inatoka Marekani, ilitajwa mbele ya kamati ya Bunge lao mwaka 1991, askari wenyewe waliulizwa na karibu 4 kati ya 10 wakakubali kwamba ndani ya miezi sita walipitiliza wakafanya vurugu kwa mwenza au watoto. Ni takwimu ya zamani, ya askari wa sehemu chache, na neno vurugu halikufafanuliwa vizuri. Kwahiyo usimwambie mtu "asilimia 40 ya polisi wa leo duniani", atakuangusha kwenye hoja. Ukweli ni kwamba polisi wachache sana duniani wanahesabu jambo hili kwa watu wao wenyewe, na mtu asiyehesabu huwa ana sababu.

Mimi mwenyewe ni askari, na mume wangu ni askari.

Pole dada. Wewe unabanwa pande mbili, ukisema unaitwa msaliti na tena unaonekana dhaifu, "wewe unakamata majambazi unapigwaje?" Unapigwa kama wengine tu. Uingereza mwaka 2020 shirika la Centre for Women's Justice lilipeleka malalamiko rasmi kuhusu jambo hilihili, na kati ya wanawake waliowapa ushuhuda walikuwepo askari ambao walipolalamika kazi zao ndo zikaharibika. Ripoti ya kujibu malalamiko hayo iliyotoka 2022 ilikubali kwamba kesi hizi zilikuwa haziendeshwi inavyotakiwa. Omba uhamisho wa yeye sio wako, omba zamu zisigongane, omba kwa maandishi, na uwe na mtu nje ya jeshi.

Mimi ni mwanaume, mke wangu ndo polisi.

Yote hapo juu ni yako pia. Utachekwa zaidi, ndo maana anza kwa daktari na wakili. Na usirudishe kipigo hata mara moja, atakayekamatwa ni wewe.

Ni rafiki yangu, nimsaidieje?

Usimfuate mumewe ukamwonye. Usimwambie rafiki yako "si uondoke tu". Muulize anataka nini, kisha kuwa yule mtu wa kutunza picha, pesa kidogo, vyeti vya watoto, begi. Ukae kimya, hata kwa mumeo. Na usichoke akirudi kwake, wengi hurudi mara kadhaa kabla ya kutoka moja kwa moja.

Mimi ni askari, najua mwenzangu anampiga mkewe. Nikisema nitaishije kikosini?

Utatengwa, sitakudanganya. Lakini ujue kilichotokea Tacoma, Marekani. Crystal Judson alikuwa mke wa mkuu wa polisi wa mji, David Brame. Aliomba talaka na kwenye karatasi za mahakama akasema anakabwa, anaonyeshwa bastola. Brame alishawahi kutuhumiwa ubakaji mwaka 1988, wenzake wakachunguza, ikaisha, akaendelea kupanda vyeo mpaka juu kabisa. Tarehe 26 Aprili 2003 alimpiga mkewe risasi kwenye maegesho ya magari, watoto wao wawili wakiwa pale karibu, akajipiga na yeye. Crystal alikufa wiki moja baadae. Mwaka uliofuata jimbo la Washington likapitisha sheria kwamba kila idara ya polisi iwe na sera ya maandishi kuhusu askari wanaofanya ukatili nyumbani. Yaani sheria ilikuja baada ya jeneza. Wangapi walikuwa wanajua kabla? Wewe uko kwenye nafasi yao sasa hivi. Andika, peleka juu ya mkuu wenu au kwa chombo huru, na kama unaogopa jina, basi mfikishie mkewe namba ya wakili bila mwenzako kujua.

Akipatikana na hatia ananyang'anywa bunduki?

Inategemea nchi. Marekani tangu 1996 aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani, hata kosa dogo, haruhusiwi kuwa na bunduki, na polisi hawajasamehewa hata wakiwa kazini. Ndo maana huko mawakili wao wanapigana sana kosa libadilishwe jina liwe "fujo". Kwenu muulize wakili, na kwenye ombi la amri ya ulinzi taja silaha zote, ya kazini na ya binafsi, maana wengi wanarudisha ya kazini wanabaki na nyingine kabatini.

Nimeshatoka, mwaka sasa. Bado nikiona gari la polisi magoti yanaisha nguvu. Nina tatizo?

Huna tatizo, mwili wako ulijifunza na bado haujaambiwa kwamba imeisha. Mimi ilinichukua karibu miaka mitatu kupita mbele ya kituo bila kuvuka barabara. Tafuta mshauri nasaha, mwambie toka siku ya kwanza kwamba alikuwa askari, na kama sehemu ile mshauri anafanya kazi pia na polisi muombe akupe mwingine. Watoto nao waende, hasa yule mkubwa ambaye anajifanya hakusikia kitu.